Mgomba wa Kaburini

Epifania wa kijiji cha Heru Juu hakuwa mwanamke wa kuogopaogopa. Nyoka aliwaua kwa mpini wa jembe, na wanaume wavivu aliwasema mbele ya wake zao. Lakini shambani kwake kulikuwa na mgomba mmoja aliouzunguka kwa mbali, ule uliosimama kichwani mwa kaburi la mumewe, Nduwayezu.

Kuhara ndiko kulikomwua, mwaka 1994. Siku mbili nzima aliomba maji na Epifania akamnyima, maana ndivyo mama yake alivyomfundisha: anayehara ukimpa maji unamwongezea. Baadaye mganga wa zahanati alimweleza kwamba maji hayohayo ndiyo yangemponya. Alimweleza kwa upole, afadhali angemtukana.

Kiangazi cha 1997 chakula kiliisha, na migomba yote ikakunja majani. Ule wa kaburini tu ndio ulionenepa, ukazaa mkungu wa kumlemea mtu mzima. Shemeji yake Tharsisi, ambaye siku ya mazishi hakushika hata jembe, akaja kutoa maoni.

"Shemeji, mgomba hunywa kilicho chini yake. Maji yaliyounenepesha huu yanapanda kutoka kwa kaka. Utawalisha watoto baba yao?"

"Na wewe umewaletea nini?"

Tharsisi akakumbuka kwamba ana shughuli Kasulu mjini.

Watoto walikuwa siku ya tatu wakiishi kwa uji mwepesi. Epifania akachukua panga, akaukata mgomba, akashusha mkungu. Kisiki kikajaa maji. Tangu utotoni alijua kwamba mizizi ya mgomba huendelea kupandisha maji hata shina likiwa limekatwa. Akayafuta kwa jani. Yakapanda tena, taratibu, ya baridi, katika ardhi kavu kama jivu. Akafuta, yakapanda. Akajikuta amepiga magoti.

"Kunywa basi, baba Kezia. Kunywa wewe."

Maji yakazidi kuja juu, kwake.

Alipika. Kezia, mdogo wa wote, akauliza mbona mama hali. Akasema ameshiba. Mtoto akasukuma sahani, na wenzake nao wakaacha, wakamtazama. Basi Epifania akachukua ndizi moja, akala, akachukua ya pili. Zilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kupika.

Kisha kiu ikamshika. Akanywa kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watoto wakawa wanahesabu huku wakicheka.