Upele Chini ya Mpemba

Ile chupa sikuipenda tangu nilipoiona. Ilitoka Lubumbashi, ikapita mikononi mwa sijui nani, ikafika hapa hospitali ya Kamina imefungwa kwa gazeti, na ndani yake maji ya njano kama mafuta ya kupikia. Daktari akasema ni protini iliyotolewa kwenye damu ya watu. Watu gani? Nikamwuliza hivyo hivyo. Akacheka. Mimi sikucheka.

Binti yangu alikuwa amevimba uso, tumbo na miguu. Macho yamebaki mistari miwili. Figo zilikuwa zinavujisha protini yake, maji yanabaki mwilini, na mkojo hautoki, matone tu. Daktari alisema wazi: maji hayo yasipotoka, mtoto tutampoteza. Basi mdomo wangu ukakubali, roho ikakataa.

Halafu kulikuwa na mama mkwe. Alikuja kutoka Mulongo, na kabla muuguzi hajatundika serumu, ile chupa ya kudondoka mshipani, akampaka mtoto mpemba, ule udongo mweupe wa baraka, kifuani, tumboni, mikononi, hadi shingoni. Sisi ni Wakatoliki, rozari ilikuwa pale pale kitandani, lakini kwao mtoto mgonjwa haachwi bila mpemba. Nikamwacha apake. Ila huyu mama, tangu niolewe, nikipokea kitu mkononi mwake nakigeuza kwanza.

Serumu ikaanza kudondoka. Chupa haijafika hata nusu, mtoto akaanza kujikuna.

"Ni mpemba njo inakauka," mama mkwe akasema. "Itaisha."

Muuguzi akatazama, akaona weupe tu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mtoto akajikuna shingo, akajikuna tumbo. Hasira zikanipanda.

"Umemupaka nini mutoto yangu? Hii udongo umeitoa wapi?"

"Eh! Weye unaniita mulozi, muchawi?"

"Minyi sikuite kitu. Leta maji!"

Nikachovya kitenge kwenye beseni, nikamfuta mtoto kwa nguvu huku nikimsema bibi yake bila kuficha. Udongo ukatoka. Yoo! Chini yake ngozi ilikuwa imejaa vipele vyekundu, vinene, vimeungana. Nikafunua mapaja, ambako mpemba haukufika: vipo vile vile. Midomo imetuna, kifua kinapiga filimbi.

"Funga! Funga ile chupa!" nikapiga kelele.

Muuguzi akaja mbio, akafunga mrija, akamchoma sindano ya pajani. Tukabaki tunatazama kifua kile mpaka filimbi ikanyamaza. Mama mkwe akaokota kitenge kilicholowa, akakikamua.

Kesho yake daktari akaleta chupa nyingine, ya kiwanda kingine. Mwili umekataa ile ya kwanza, akasema, huenda hii ukaipokea. Atatanguliza dawa ya kuzuia mwasho, kisha chupa itadondoka polepole sana. Mume wangu, aliyefika asubuhi hiyo, akanitazama. Aka! Kila mtu ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza. Nikaigeuza chupa, nikanusa hata kizibo. Sikuamini kitu. Lakini uvimbe ulikuwa umezidi, jicho moja halifunguki kabisa.

"Mumuvue nguo yote," nikamwambia muuguzi. "Na hakuna kumupaka kitu, hata mafuta. Nikisema funga, unafunga, usiniulize."

Mama mkwe akakaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Yeye aliangalia ngozi. Mimi niliangalia ngozi, na nikamwangalia na yeye. Matone yakashuka. Hakuna upele. Muuguzi akaongeza sindano ya kutoa maji, mimi bado nimeinama kama mtu anayetafuta chawa.

Mchana mtoto akageuza kichwa. "Mama, nataka kukojoa."

Tukagongana vichwa, mimi na bibi yake, tukiinamia kopo chini ya kitanda. Akakojoa. Akaendelea kukojoa. Mama mkwe alilishika kopo kwa mikono miwili, likajaa, akapiga kelele aletewe lingine, na mimi nikalia mbele yake bila haya.