Siku ya Kuonana na Nyanya Maporomokoni

Wateja wangu pale soko la Mamboleo, Kisumu, wakiiona picha iliyo kwenye simu yangu huniuliza kama niliwahi kufika Uswisi. Bonde la kijani, ukungu juu ya miti, maji meupe yakiporomoka kutoka kwenye jabali. Huwajibu kwamba hapo ni Nyakach, mbele kidogo tu ya Pap Onditi, na wengi huniona mwongo. Mimi nauza mitumba, nimezoea kuitwa mwongo. Nisichowaambia ni kwamba ukiivuta picha hiyo kwa vidole, kwenye mawe ya ng'ambo utaona alama ndogo nyeupe. Ni kiti cha plastiki, na aliyekikalia ni nyanya yangu, mzaa mama.

Hatukuenda kutalii. Baba alikuwa amefariki na mama alikuwa bado katika chola, kile kipindi cha maombolezo ambacho mjane hukaa peke yake. Kwetu, mjane ambaye chola yake haijaisha haingii nyumba ya mtu, hata ya aliyemzaa, maana inaaminika ataacha balaa humo. Wazee wa upande wa baba ndio wa kuimaliza, nao walitaka kwanza akubali kurithiwa na shemeji yake. Mama alikataa katakata. Aliwaambia yeye ni mama wa kanisa na ana miaka sitini, mume mwingine ni wa kazi gani? Wazee wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikokuwa adhabu. Mchungaji alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Manyatta, akaomba, akasema mama sasa yuko huru. Mjomba, ambaye nyanya aliishi bomani kwake, akasema maombi ni mazuri lakini mlangoni pake hapiti mtu.

Mwaka ukapita hivyo. Nyanya naye alikuwa akizidi kudhoofika. Mama alikuwa akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye sinia, mara mikono inasimama, anasema, "Saa hii wamemtoa nje aote jua." Hakumtaja kwa jina lolote na sikuhitaji kuuliza ni nani. Nilitamani kupanda kule nikavunje huo mlango wa mjomba kwa shoka.

Wazo la maporomoko lilikuwa lake mwenyewe.

"Kwani maporomoko ni nyumba ya nani?" aliniuliza asubuhi moja. "Mimi nitakaa kwa mawe, wao wamlete hapo. Nani atasema nimeingia kwake?"

Nilimpigia mjomba simu. Aliguna sana, lakini alikubali.

Mama alijitayarisha kama anayekwenda harusini. Alifunga sukari, majani chai, mkate, omena wa kukaanga na leso mpya ya kujifunga. Akavaa sketi yake ya buluu ya Jumapili. Njiani aliniuliza mara tatu, "Unadhani watakubali nimshike mkono?" Nikamwambia mtu akimzuia tu, nitapigana na mjomba mbele ya Mungu. Akacheka. Ulikuwa umepita muda mrefu sijamsikia akicheka.

Kutoka Pap Onditi tulipanda pikipiki mbili mpaka njia ilipoishia, kisha tukatembea. Nitasema ukweli: mahali pale ni pazuri hadi niliona haya kwamba nimefika umri huu bila kupajua, na mama amezaliwa hapo juu. Kuta za bonde zimesimama pande zote mbili, kijani kitupu, na hewa ina ubaridi ambao Kisumu hatuujui. Mama alikwenda mbele yangu mbio, na magoti yake yale mabovu, akinionyesha. Hapa tulikuwa tunafua. Hapa nilivunja mtungi nikachapwa. Hili jiwe lilikuwa langu, mtu mwingine hakalii. Niliona ndani yake msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

Kumbe usiku mvua ilikuwa imenyesha huko milimani. Mto ulikuwa umejaa, na mawe ambayo watu hukanyaga wakivuka hayakuonekana. Mjomba na mkewe walikuwa wameshafika, lakini ng'ambo ile. Walikuwa wameweka kiti cha plastiki, na nyanya amekaa hapo ndani ya sweta mbili, mdogo kama mtoto wa shule. Kati yetu na wao ni umbali wa kutupa jiwe, na maji ya rangi ya chai.

Nilimpigia mjomba simu, akaiweka sikioni mwa nyanya. Ngurumo za maji upande huu, ngurumo upande ule. Mama alipiga kelele kwenye simu, "Mama, ni mimi! Mama!" mpaka nikamnyang'anya. Nyanya peke yake hakusumbuliwa na kelele, masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Ndipo nilipopiga ile picha, nikidhani kuna siku tutacheka.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amenitupia mkoba wake na kuingia majini na viatu vyake. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani. Nikamkamata blauzi kwa nyuma. Ng'ambo, nyanya, ambaye tuliambiwa hawezi tena kusimama, alisimama. Alishika bega la mke wa mjomba na kuanza kupunga mkono kwa nguvu. Rudi, rudi. Mdomo ulikuwa wazi na uso umekunjamana kwa hasira, kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Mama akasimama akimtazama. Kisha akarudi, taratibu.

Wakamnyanyua nyanya na kiti chake wakapanda naye. Mkate na leso vikabaki kwetu.

"Hata yeye ananiogopa," mama alisema.

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo. Badala yake nilisema, "Amekufukuza, mama. Wote ni wale wale. Usimlilie tena." Pale Pap Onditi nikampa ile leso mpya abadilishe sketi. Akaikataa, akausukuma mkono wangu.

Tangu siku hiyo hakumtaja. Alichambua omena bila mikono kusimama. Mimi nikajiona nimemponya, Mungu anisamehe.

Wazee wa upande wa baba walichoka kabla ya mama. Walikuja siku moja, wakanywa chai, wakamaliza chola bila kumrithisha kwa mtu. Wiki mbili baadaye mjomba akapiga simu kwamba nyanya ametutoka. Kwa hiyo mama aliruhusiwa kuingia nyumba ile ya mjomba, akakuta kitanda cha nyanya kimeshatandikwa.

Siku ya mazishi mke wa mjomba alikuja kukaa nasi na kikombe chake.

"Ile siku ya mto mlitutesa," alisema. "Huyu mama mkwe alitupigia kelele! 'Toeni huyo mtoto kwa maji, mtoto atakufa maji!' Jioni akakataa chakula. 'Amebadilisha nguo? Atashikwa na homa. Mpigieni simu mmuulize.' Tukasema kesho, kesho. Si mnajua wazee."

Mama aliweka kikombe chini. Alinitazama mara moja tu. Hadi leo natamani angenizaba kofi.

Kisha akainuka, akaenda hadi kwenye jeneza lililokuwa chini ya hema, nami nikamfuata. Akainama karibu kabisa, pale masikio yalipokuwa.

"Mama, nilibadilisha," alisema. "Nilivaa leso kavu palepale Pap Onditi. Sikushikwa na homa."

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika mkoba wake kama siku ile. Alikuwa ameketi na sketi mbichi njia nzima hadi Manyatta, na alikohoa wiki tatu.