Pua Mbili za Mama Mikate

Mama Mikate alizaa mabingwa wawili wa uzito uleule, na nyumba ikawa haitoshi. Mkanda wa Tingatinga, mwanawe mkubwa, ulitoka chama kimoja cha ngumi. Wa Pilipili, mdogo wake, ulitoka chama kingine. Kila chama kiliapa kuwa bingwa wake ndiye wa kweli. Nyumbani, bingwa wa kweli alikuwa yule aliyewahi bafuni.

"Chama chenu kitampa mkanda hata paka," Tingatinga alimchokoza mdogo wake mlangoni pa jiko.

"Na wewe ulipewa kwa sababu mpinzani wako aliumwa tumbo, kaka!"

Mama, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni, aliwarushia donge la unga. Wakacheka.

Ndipo akaja promota, viatu vinang'aa kuliko meno yake. Vyama vimepatana, alisema: mkanda mmoja, bingwa mmoja. Ndugu kwa ndugu, ukumbi utafurika! Vijana wakarukaruka kwa furaha. Mama akakaa juu ya gunia la unga.

"Mama, ni kazi tu," alisema Pilipili.

"Mvunjane pua? Pua hizo nimezitengeneza mimi!"

Hakubishana zaidi. Kila alfajiri alimwamsha Tingatinga peke yake, mkate wa moto mkononi, siagi inatiririka. "Onja, mwanangu, uniambie kama umeiva." Tingatinga alionja mkate mzima.

Siku ya kupima uzito, Tingatinga alipanda mizani, na mshale ukapita mstari mbio. Amezidi! Mama akaficha kicheko ndani ya mtandio. Akapanda Pilipili. Mshale ukapita vilevile.

Mama akamgeukia mumewe, fundi viti, mtu mpole asiyemaliza sentensi. Mume alikuwa anakagua sakafu.

"Baba watoto?"

"Mimi nilimpa tu... maziwa kidogo... na mayai..."

"Kila siku?"

"Pua yake, mama watoto."

Mama alicheka mpaka akamshika bega asianguke. Lakini promota alipiga makofi. "Hakuna neno! Wamezidi sawasawa. Mkanda wa daraja la uzito linalofuata juu hauna mwenyewe. Watapigana mwezi ujao!"

Mama akamwinamia mumewe sikioni. "Sasa tugawane kazi. Wewe mlishe mkubwa. Mdogo niachie mimi, nafunga kabati."

Mwezi uliofuata Pilipili alirudi chini kwenye uzito wake, mwepesi kama manyoya ya kuku. Tingatinga alikuwa amepanda madaraja mawili, kwenye uzito ambao haukuwa na mtu mwingine, basi wakamvika mkanda papo hapo. Vyama vikagombana upya, kila kimoja kikaondoka na bingwa wake.

Leo mikanda inaning'inia karibu na tanuri, na pua mbili zimenyooka kama zilivyotoka kwa fundi wake. Tingatinga ndiye mzito wa nyumba, hilo halina ubishi. Ila bafuni, kila asubuhi, anawahi Pilipili.