Jinsi Kinyozi Alivyonipotezea Vita vya Mababu

Kwa masomo yetu, yaani shule yetu, huku mtaa wa Katuba, wafalme wa zamani wa Katanga wamekwisha kushinda vita mara nyingi kuliko timu yetu ya mpira. Wanashinda wakati wa pumziko, kwenye kivuli cha ukuta wa vyoo, maana ndiko kuna nafasi. Mmoja anauliza: "Na kama bazee bangekuwa na mitrailleuse?" Mwingine, juu ya bunduki hiyo ya rashasha, anawaongezea kifaru cha vita. Mimi ndiye niliyeleta drone. Siku niliyoileta, Wazungu hawakuvuka hata mto Lufira. Tuliwarudisha na mizigo yao, na kengele ilipolia tuliingia kwenye hesabu tukiwa watu huru.

Mwalimu wa historia alitusikia. Tulidhani atatuadhibu, kumbe alifanya kitu kibaya zaidi: aliuchukua mchezo wetu akaufanya kazi. Débat rasmi, mdahalo kabisa, Jumamosi, katika sale kubwa, ukumbi wa shule, mbele ya wazazi. Swali likawa hili: kama wafalme wa Katanga wangekuwa na silaha sawa na za Wazungu, je, nchi ingetawaliwa? Mimi nitetee kwamba isingetawaliwa. Wa kunipinga ni msichana wa darasa letu ambaye mababu zake walitoka Kasai. Kwao, watu husema, hata mtoto mchanga hapewi maziwa kabla ya kueleza sababu.

Mshindi angekwenda Likasi kusemea masomo yetu. Msichana huyo alikwenda mwaka uliopita. Mimi, njia ile, mwisho wangu ni Kinsevere, ndani ya lori la mjomba, na hapo tulirudi kwa sababu ya gurudumu. Nilitaka Likasi. Ninalisema wazi, maana nachekesha sana hata watu wanafikiri sitaki kitu chochote duniani.

Ijumaa, mbele ya bendera, prefe, mkuu wa shule, alizishika nywele zangu kwa vidole viwili kama mtu anayeinua panya aliyekufa.

"Hii ni kichwa ao ni shamba? Kesho ukikuya na hii pori, hautapanda ku estrade kusema débat. Umesikia?"

"Nimesikia, Prefe. Nitavuna."

"Na hicho kinywa, ukivune pia."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikuwa nachungulia njia ya kwenda Kenya, mtaa wa jirani, si ile nchi. Kinyozi wetu ana kibanda pale, na kwenye mlango hutundika kitambaa chekundu wakati courant ya umeme ipo. Kitambaa kikionekana, watu wanakimbia. Umeme wetu ni wa zamu, na hakuna anayejua zamu yetu itaisha saa ngapi. Siku hiyo nilifika wa kwanza. Kinyozi ni mtu wa Nord-Kivu. Kaka yake anauza mchele kwa magunia, lakini yeye alikataa magunia akachukua tondeuse, mashine ya kunyolea. Huanza upande wa kuume daima, na alianza. Upande wa kuume ulikwisha vizuri. Nikamweleza juu ya débat.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kinyozi wetu hawezi kubishana na kunyoa kwa wakati mmoja, kwa sababu kazi zote mbili anazifanya kwa mikono.

"Petit, mudogo yangu, drone ngapi unabapatia bazee?"

"Kumi, mukubwa."

"Kumi! Weye unapiga vita ya Katanga yote na drone kumi? Bapatie mia."

"Na nani atazirusha?"

"Mutoto ya mufalme. Batoto njo banajuaka bintu ya telefone."

Akanieleza namna mtoto wa mfalme angekaa juu ya kilima, kwa utulivu, karanga mkononi. Akainua tondeuse juu ya kichwa changu akairusha, nayo inalia, na yeye analia nayo kwa mdomo. Ikazunguka balbu, ikashuka juu ya chupa za mafuta ya nywele, ikapiga ya kwanza, ikapiga ya pili. Nilicheka mpaka kiti kikalia. Kisha nikasikia kwamba sauti iliyobaki ni ya mdomo wake peke yake.

Balbu ilikuwa imezimika.

"Tungoje kidogo," alisema. Tulingoja sana. Jenereta ya jirani ilikuwa imeazimwa kwa harusi. Nikajitazama katika kioo: upande wa kuume nilikuwa waziri, upande wa kushoto nilikuwa yule anayekaa mlangoni kwa waziri kuomba kazi.

"Mukubwa, miye na hii kichwa hawataniingiza."

Akaenda nyuma, akarudi na sabuni na wembe. Akanyoa upande wa kushoto, kisha ikabidi aushushe na wa kuume ufanane. "Usitikisike," alisema. Lakini vita ilikuwa haijaisha. Mtoto wa mfalme alikuwa amefika kwenye maboma ya adui, na kila niliposhindwa kuzuia kicheko, wembe uliandika ngozini. Kila ulipoandika, alibandika kipande cha gazeti kuzuia damu. Nilitoka pale nikiwa na habari za mwezi uliopita juu ya kichwa.

Mlangoni pa sale prefe alinipapasa, akatafuta nywele, akazikosa. "Bon. Ingia."

Nilisema wa kwanza, na nilisema vizuri. Nilieleza kwamba mababu zetu walijua kuyeyusha shaba na kuimimina iwe misalaba, fedha yao ya kununulia vitu. Watu wanaomimina misalaba wangeshindwaje kumimina risasi? Akili ilikuwepo, ushujaa ulikuwepo, kilichokosekana ni chombo tu. Wape chombo, na leo tungekuwa tunafundisha historia nyingine. Mama alipiga makofi kabla sijamaliza. Nikaiona njia ya Likasi.

Prefe, aliyeongoza kikao, akainua mkono. "Mbele ya kuendelea. Hizi karatasi ku kichwa, ni za nini?"

Sale ikacheka. Mtu mwenye busara angejibu: nimejikata. Lakini sale inayocheka, mimi siwezi kuipita hivi hivi. Nikawaeleza yote: kitambaa chekundu, drone, chupa za mafuta, mdomo uliobaki unalia peke yake, waziri na mwomba kazi, wembe. Wazazi walijifuta macho. Prefe mwenyewe alivua miwani. Nikakaa kama mshindi.

Msichana akasimama. Alikuwa na karatasi zake. Akaziacha juu ya meza.

"Prefe, bazazi, miye sina mingi. Mwenzangu amenimalizia kazi. Ile tondeuse ilikuwa mubaya? Hapana, ilikuwa muzuri. Kinyozi alikuwa hajue kazi? Alijua. Sasa nani alikata courant? Haikuwa yeye. Bazee, mwalimu alitufundisha, bunduki balikuwa nazo. Baruti ilikuwa inatoka kwa nani? Kwa bageni. Bageni bakifunga njia, bunduki inakuwa fimbo. Anataka kubapatia drone. Bon, abapatie mia. Batazichajia wapi? Ku Katuba?"

Sale ilipasuka. Yeye hakucheka.

"Shaba iko yetu. Cobalt, ile kintu banawekaka ndani ya betri, iko yetu. Na bado vita ilimalizika na wembe. Muangalie ku kichwa yake."

Waliangalia. Nilikuwa na nafasi ya kujibu, nikasimama, nikatafuta neno katika kichwa kile kile walichokuwa wanakitazama. Nikalipata moja tu:

"Jenereta ilikuwa ku harusi."

Prefe akapiga kengele.

Nje, msichana alinikuta nabandua magazeti. "Asante kwa kichwa," alisema.

"Uniletee kitu ku Likasi."

"Nitakuletea betri."

Nilipopita kwa kinyozi, kitambaa chekundu kilikuwa kimetundikwa tena, kinapepea kama hakuna lililotokea. Akatoka mbio na tondeuse mkononi.

"Petit! Tumeshinda?"

"Tumetawaliwa, mukubwa."

Akakaa kwenye benchi. Tondeuse ikawa inalia juu ya goti lake. Nami nikakaa. Nilikuwa na hasira naye, lakini hasira na benchi ile haviendi pamoja. Ni fupi mno, bega linagusa bega.

"Kama courant ingerudia mapema..." alianza.

"Na kama ungenyoa kwanza, kisha ukarusha drone?"

Alifikiri kweli kweli, kama jenerali mbele ya ramani.

"Hapana," alisema mwishoni. "Pale unaharibu. Tuanzie ku jenereta. Kama ile harusi ingekuwa ya kesho?"

"Basi leo jenereta ingekuwa kwa jirani," nilisema, nikamgeukia. "Endelea."