Laini kwa Kitambulisho cha Binamu

Programu ya kuuzia maziwa iliniuliza nijisajili kwa nambari ya simu au kwa barua pepe. Nilichagua nambari bila kufikiri. Garissa, nani anamtafuta muuza maziwa ya ngamia kwa barua pepe?

Laini yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha binamu yangu. Mimi nilizaliwa Kutulo, karibu na mpaka, na kitambulisho changu kilikuwa bado kwa wazee wa upekuzi, wale wanaothibitisha uraia. Huku kwetu kutumia laini ya ndugu si jambo la kushangaza. Wateja walipolipa lilitokea jina lake, tukacheka.

Wateja walipoongezeka, kicheko kilimwishia. Alienda duka la laini na kitambulisho chake, akaifunga laini yangu na kupewa nyingine ya nambari ileile, akaingia nayo kwenye akaunti yangu. Nilimfuata sokoni. Alinijibu kwa Kiswahili cha lafudhi ya kwetu, makusudi, ili walimu na wauguzi wa bara, wateja wangu, wasikie.

"Abaayo, dada yangu, laini iko kwa kitambulisho yangu. Benda usibende."

Nilimchukia, na sioni haya kusema hivyo. Picha kwenye akaunti ilikuwa yangu, sifa za wateja zilikuwa zangu, yeye akiuza maziwa yaliyotiwa maji.

Kilichonipa usingizi ni kitu kimoja asichokijua. Programu ilikuwa imenisumbua niongeze barua pepe ya akiba, nami nikaweka ile niliyofungua chuoni. Ningeweza kuingia siku hiyohiyo. Sikuingia. Nilipata kitambulisho, nikasajili laini mbili, nikasubiri mkesha wa Idi, wakati kila nyumba inaagiza maziwa.

Aliponunua mitungi ya maziwa ya kumtosha, niliingia kwa barua pepe, nikaifuta nambari yake, nikaweka yangu. Oda zote zikaja kwangu. Niliendesha biashara siku hiyo huku nikiimba.

Alasiri alikuja na shangazi yetu, jasho likimtoka.

"Abaayo, samahani. Maziwa itaharibika. Niuzie tu."

Maziwa niliyaonja kwanza. Safari hii hayakuwa na maji. Nilikubali awe ananiletea mzigo, kwa sharti moja: apokee malipo kwa laini nitakayompa mimi. Shangazi alinisifu kwa moyo mwema. Binamu aliipokea kwa mikono miwili.

Ilikuwa laini yangu ya pili. Mpaka leo, kila anayemlipa huona jina langu, na siku akinijibu vibaya, duka la laini haliko mbali.