Rangi Mbichi Kiganjani mwa Shangazi Nyanzala

Harufu ya rangi ya kucha mbichi huwa kali puani, lakini nyumbani kwetu haikuwahi kuja peke yake. Ilikuja pamoja na vumbi la pumba kutoka mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa ng'ambo ya barabara, moshi wa mkaa wa jikoni na mafuta ya nazi ambayo dada yangu Minza alijipaka mikononi. Leo harufu hiyo ndiyo inayonilisha. Nina saluni yangu katikati ya mji wa Kahama, yenye kiyoyozi na viti vya ngozi. Nina diploma ya urembo niliyoisomea Mwanza, siyo semina ya siku tatu ya kupigiwa picha na cheti, na nimefanya kazi Dar es Salaam katika saluni ambayo wake za wakubwa walinisubiri mimi hata kama wenzangu walikuwa wamekaa bure. Nikarudi kwetu bila mjomba wa kunishika mkono wala mume wa kunifungulia duka. Nayasema haya kwa sababu ni ya kweli na nimeyatolea jasho. Lakini jioni ninapovua glovu na kukaa kwenye kiti cha mteja, mgongo ukiwaka moto na macho yakiwasha, sioni fahari yoyote ya kuitangaza. Nakumbuka tu kiangazi kile Minza alipokuwa anasubiri kuolewa, nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwenye kazi moja: kulinda kucha zake zisiharibike.

Mchumba wake aliitwa Masanja, mtu wa Chato aliyekuwa akija Kahama kununua mchele. Kwao walikwishakubali wote isipokuwa shangazi yake, Nyanzala, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Huyo hakumtaka msichana wa mjini. Alisema wasichana wa Kahama wamezoea kuona pesa za dhahabu zikipita barabarani, wanajua kupaka rangi tu, na hata salamu wanaitoa wakiwa wamesimama. Alituma neno kwamba atakuja mwenyewe kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, amtazame huyo msichana, na kama hatapendezwa ataondoka na Masanja kabla keki haijakatwa. Kila mtu alijua Masanja hawezi kufunga ndoa huku shangazi yake amenuna. Mama alilala na jambo hilo na kuamka nalo. Minza hakukubali kuacha rangi. Bibi harusi kwenye sendofu huwalisha wakwe keki kwa mkono wake, alisema, na mkono huo utaangaliwa na ukumbi mzima. Mama akamjibu, "Paka basi. Lakini zikichubuka hata moja, huyo mama atasema ndivyo utakavyomfulia mwanawe nguo."

Tukaanza kufanya mazoezi kila Jumapili tukitoka kanisani. Minza alipaka mkono wa kushoto mwenyewe, wa kulia nikampaka mimi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu hautetemeki. Shida haikuwa kupaka, shida ilikuwa kukauka. Nyumba yenye binti aliyechumbiwa haiishiwi wageni, na kwetu Usukumani mgeni hapungiwi mkono kutoka kwenye kiti. Unapiga magoti, unampa mkono wako, naye anaushika mpaka habari za ukoo mzima ziishe. Kwa hiyo mke wa jirani alifika, Minza akapiga magoti, na vidole vitatu vikaharibika. Mama alimwita atoe kifuniko cha sufuria, kidole cha shahada kikaondoka na alama ya kitambaa. Kuku aliingia ndani, Minza akampungia kanga, na kanga ikaganda gumbani. Alilia machozi siku hiyo, nami nikamwambia kwa kiburi cha mtoto kwamba nitapata dawa yake.

Na niliipata. Niligundua kwamba rangi nzito haikauki, inadanganya. Juu inakuwa ngumu na chini inabaki uji. Nikaanza kupaka tabaka jembamba, tunasubiri, halafu jingine jembamba. Nikaacha kuitikisa chupa kwa nguvu, nikawa naiviringisha viganjani, maana ukiitikisa inajaa mapovu. Maji ya mtungini yalikuwa baridi kuliko ya ndoo, basi rangi ikishika kidogo nilimwambia atumbukize ncha za vidole kwenye bakuli la maji hayo, kisha ninadondosha tone la mafuta ya kupikia juu ya kila ukucha ili vumbi la pumba lisinate. Kabla ya yote alikwenda chooni, akanywa maji, akafunga kilemba, ili asiwe na sababu ya kugusa kitu. Palipochubuka kidogo nililowanisha ncha ya kidole changu kwa mate na kupapasa polepole, kuelekea upande ule rangi ilikokimbilia, mpaka mkunjo unalala, halafu napitisha brashi mara moja tu. Miaka mingi baadaye, darasani Mwanza, mwalimu alitufundisha mambo hayohayo kwa majina marefu. Nilikuwa wa kwanza kumaliza mtihani ule, na sikushangaa.

Dawa ya wageni nayo niliipata. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele na kuwachelewesha kwa salamu. "Mwadila, mayu," nilimwamkia mama yeyote aliyekuja mchana, kama inavyosemwa kwetu, kisha nikamuuliza watoto, ng'ombe, shamba la mpunga, mguu unaomuuma, mvua ya upande wao. Jirani mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Minza!" aliita. "Huyu mtoto wako ameshaniuliza hali ya kuku wangu mmoja mmoja! Nikae hapa nje nipike kabisa?" Huku ndani rangi ilikuwa inakauka.

Siku ya sendofu nilimpaka tangu mchana. Rangi ilikuwa ile nyekundu iliyoiva tunayoiita damu ya mzee, na chupa ilikuwa inakaribia kwisha kwa sababu ya mazoezi yetu. Dawa ya kutolea rangi ilikuwa imekwisha siku nyingi. Nilimaliza tabaka la pili, nikamwacha Minza amekaa kwenye mkeka chumba cha nyuma, mikono magotini kama mtu anayepigwa picha, nami nikaenda kulinda mlango wangu wa mbele. Shangazi Nyanzala alikuwa anategemewa jioni. Akaja mapema, na akapitia jikoni.

Niliisikia sauti ya Mama ikipanda ghafla, nikakimbia. Mwanamke mrefu, mwembamba, alikuwa amesimama katikati ya chumba na kapu la samaki, sato wakavu, mikononi. Alikuwa ameshaangalia masufuria yetu, meko yetu na sakafu yetu. Mama alinyoosha mikono ampokee kapu, lakini mgeni akampita kama hajamwona, akamsogezea Minza. Dada alitazama kucha zake. Kisha alinitazama mimi, nami nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote: usishike! Minza akapiga magoti. Akapokea kapu kwa mikono miwili, akaliweka chini, akatoa mkono.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Hamjambo hapa? Baba yenu hajambo huko machimboni? Ng'ombe wapo? Mpunga mlivuna?"

Aliuliza vyote nilivyokuwa nawauliza wageni wetu, wala hakuuachia mkono. Minza alijibu kimoja kimoja, kichwa ameinamisha, sauti haitetemeki, na mimi niliona kwa macho yangu rangi ikihama kutoka kwenye vidole vyake. Mwishowe Shangazi alimwachia. Alikigeuza kiganja chake mwenyewe, akakitazama. Alitoka akaenda kukaa uani na wanawake wengine.

"Ameona," Mama alinong'ona. "Mungu wangu, ameona na amenyamaza."

Minza aliinyoosha mikono yake mbele yangu. Magamba ya samaki yalikuwa yamenata kwenye vidole viwili, na rangi ya gumba la kulia ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa. Hakulia. Alisema tu, "Kabula, fanya uwezavyo." Gari la ukumbini lilikuwa tayari linapiga honi. Bila dawa ya kutolea rangi, nilitumia rangi yenyewe: unapaka juu ya ile iliyoharibika, ile mbichi inailainisha ya chini, unafuta zote haraka kwa kitambaa, kisha unaanza upya. Njia hiyo inakula rangi. Vidole vingine niliviponyesha kwa mate. Nilipofika kwenye lile gumba la kulia, brashi ilitoka chupani kavu.

Ukumbini Minza alilisha keki huku gumba lake amelikunja ndani ya kiganja. Alimlisha baba mkwe, akawalisha wajomba. Ilipofika zamu ya Shangazi Nyanzala, aliinuka lakini hakufungua mdomo. Mama aliyekuwa karibu nami alinishika bega hadi likauma.

"Mbona kidole kimoja kimejificha?" Shangazi aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. "Kitoe."

Minza akakitoa. Shangazi akakinyanyua juu ili watu wakione, kisha akafungua kiganja chake mwenyewe. Katikati palikuwa na doa jekundu. "Nimenawa kwa sabuni mpaka nimechoka, doa limekataa. Nilimkuta rangi haijakauka. Angeweza kunipungia. Angeweza kunipa kiwiko, akaniambia mama samahani, najipamba. Lakini alinipa mkono wote." Alimgeukia Masanja. "Nilisema nimekuja kumwona. Nimemwona." Watu walipiga vigelegele, naye bado alikuwa na neno, na safari hii alinitazama mimi. "Na wewe mlinzi, siku nyingine linda na mlango wa jikoni." Kisha akafungua mdomo, akalishwa.

Sasa napaka rangi ya jeli. Mteja anaingiza vidole kwenye taa ya kukaushia, na kabla hajamaliza kusoma ujumbe kwenye simu kucha zimekauka, hata uzigonge kwa nyundo. Wake za wenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, wasichana wa benki, wanaharusi kutoka Tinde hadi Geita, wote wanapita mikononi mwangu, na hakuna ambaye kucha zake zinachubuka. Nafurahi, kwa sababu mchubuko ni lawama. Lakini taa imeondoa kusubiri, na ndani ya kusubiri kule ndimo nilimokuwa napumzika bila kujua. Mmoja anatoka, mwingine ameshakaa. Wananisalimia wakiangalia simu, nami naitikia nikiangalia kucha. Nimefika nilikotaka kufika, na nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Minza huja kutoka Chato mara moja moja, siku hizi ana mvi, na Shangazi Nyanzala alifia mikononi mwake. Safari iliyopita nilimwonyesha taa yangu, bora kuliko zote Kahama. Akaivuta kando. "Nipake ile ya zamani," alisema. Nikampaka damu ya mzee, tabaka jembamba, halafu jingine, nikamletea bakuli la maji baridi. Wateja waliingia, nikamwambia msaidizi wangu awaombe wasubiri. Halafu sikuwa na la kufanya zaidi. Nilivuta kiti nikakaa mlangoni, mgongo ukutani, kucha za dada yangu zikikauka taratibu nyuma yangu. Mama mmoja alikuwa anapanda ngazi, pochi mkononi, ana haraka.

"Mwadila, mayu," nilimwambia. "Watoto hawajambo? Na huko kwenu, mvua ilinyesha?"