Managu ya Boma la Zamani

Wajukuu wangu hushangaa kwa nini sikubali mtu aoshe managu yangu kabla ya kuuzwa. Wacha niandike, wasome wenyewe.

Hayo managu, mboga ambayo wengine huita mnavu, hayakupandwa na mtu. Yanajiotea palipokuwa boma la ng'ombe, karibu na jikoni, udongo mweusi tii kwa samadi. Miaka ya tisini kila mtu huku Mogogosiek alikuwa anapanda chai mpaka mlangoni, na kijana wangu wa kwanza akataka pale pia paingie chai. Mimi mdomo wangu haujui kunyamaza. Nikamwambia mbele ya mke wake kwamba siku managu yatarudi kutoka sokoni bila kununuliwa, apande chai yake.

Nilijigamba kwa sababu nilikuwa na wateja, wanawake wa kutoka ziwani ambao waume wao walifanya kazi kiwandani. Mmoja mnene, mcheshi, ndiye alileta wengine. Siku ya kwanza nilianza kumfundisha kulaza managu kwenye maziwa, nikidhani ni sisi tu tunajua. Akanicheka. Kwao yanalala mpaka siku ya tatu.

"Mama, yako ya usiku mmoja bado inataka kurudi shambani."

Nikampenda hapo hapo.

Halafu pikap ikaanza kuja na managu ya mbali, ya kumwagiliwa maji, majani mapana kama masikio ya ndama, safi, yamefungwa vizuri. Watu wakayakimbilia. Nikaona na mimi nijue mambo. Nikaosha yangu, nikakata mizizi, nikafunga kwa kamba. Nani atanunua madogo safi na makubwa safi yako hapo? Nikakaa nayo mpaka yakalegea. Yule rafiki yangu mcheshi akapita, nikamwita. Akashika fungu, akanirudishia.

"Hii ni ya pikap."

"Ni yangu. Nimekuoshea."

"Nani alikutuma? Nilikuwa naangalia ule udongo mweusi. Sasa nitajuaje ni yako?"

Managu yakarudi nyumbani. Kijana wangu hakunicheka, lakini Jumapili baada ya kanisa nikamkuta bomani na jembe na miche ya chai. Neno lilikuwa langu. Nikakaa kwenye jiwe, nikamtazama akichimba shimo la kwanza.

Ndipo wakaingia, yule rafiki yangu na wenzake, bado na nguo za kanisa. Walikuwa wameulizia njia mpaka wakafika.

"Ngoja kwanza, kijana," akasema. "Unachimba mboga yetu."

Wakakunja marinda, wakang'oa wenyewe na udongo wake, huku wakimuuliza kama yeye ugali anakula na majani chai. Hata mke wake alicheka.

Miche kijana wangu aliipanda nyuma ya choo. Imenawiri, siwezi kukataa. Siku ya soko alinibebea kikapu mwenyewe, na njiani nikamwona ameinama anakung'uta mizizi. Nikamwambia aache udongo wangu.